Neno la Mwanaima

Kalangalala, Geita
20 Mei 1953

Mpenzi wa moyo wangu, Mama Esta,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kishapu, wewe na mwanetu Esta ambaye bado sijajaaliwa kumtia machoni, pamoja na mayu, mama yangu mzazi, na wote wa nyumbani. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu tu.

Mke wangu, usishangae barua kukaa sana. Tajiri wetu amenitoa chini ya shimo, sasa nafanya kazi za juu juu, na mwili umepumzika. Mawe hayajaonyesha dhahabu ya maana tangu Pasaka, kwa hiyo safari yangu ya kurudi itasogea mbele kidogo. Nivumilie.

Jambo jema lililonipata ni hili. Mwezi uliopita mvua kubwa ilinikuta njiani, nikakimbilia mgahawa mmoja wa hapa. Ndani nikasikia Kisukuma cha kwetu kabisa. Kumbe ni wazee wawili wa Mhunze waliokuja kwa mambo ya ng'ombe, na mmoja wao alimwona Esta kanisani siku ya ubatizo. Akaniambia ana macho yangu. Mvua isingenyesha, ningepita zangu. Namshukuru Mungu kwa Sadfa, maana bila Sadfa nisingeyajua macho ya mwanangu.

Nami nakukumbuka. Kila nionapo mwanamke amebeba mtungi kichwani, moyo wangu hukimbia kukutafuta kwenye shingo yake.

Wako wa maisha,
Ignas


Kishapu, Shinyanga
14 Juni 1953

Baba Esta,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila mayu mguu unamsumbua. Esta anakimbia sasa, hafungiki ndani. Pamba tumeanza kuvuna.

Barua yako nimeisoma. Nimeirudia shambani, nimekaa juu ya gunia la pamba, mpaka mayu akaniita akidhani nimeumwa na nyoka. Lile la mwanamke mwenye mtungi limeniingia. Tangu unioe hujanitamkia neno kama hilo. Siku ya harusi uliniuliza, "Viatu vinakubana?" Basi, ndiyo ilikuwa sifa yangu.

Kwa hiyo nauliza. Sadfa ni nani?

Umeandika unamshukuru Mungu kwa ajili yake, na bila yeye usingejua macho ya mwanao. Nilikaa na jina hilo wiki nzima. Nikiteka maji nalisikia, nikisonga ugali nalisikia. Mwisho nikamwuliza Stanslaus, karani wa pamba aliyeletwa msimu huu kutoka Bukoba, kama amewahi kusikia mwanamke wa jina hilo upande wa Geita. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Si mtu, Mama Esta," akasema. "Ni neno la watu wa pwani, ni jambo jema linalokujia bila wewe wala mtu mwingine kulipanga."

"Hiyo si bahati?"

"Ni ndugu yake."

Sawa, si mtu. Lakini neno halitembei peke yake toka pwani mpaka Geita. Kuna mdomo uliolileta. Wewe uliondoka hapa ukisema bahati kama sisi. Mwandiko wako nao umebadilika. Zamani herufi zako zilikuwa zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, sasa zimesimama zote. Nani anakufundisha?

Mkeo,
Scolastika


Kalangalala, Geita
5 Julai 1953

Mpenzi wangu Scolastika,

Salamu nyingi. Barua yako nilicheka nayo mwanzo, mwisho nikasikitika. Usijitese bure.

Neno hilo nimelipata kwa Mwanaima, mwenye ule mgahawa. Ni mjane, kwao Pangani. Mumewe alikuwa dereva wa lori akafia huku. Ni mwanamke mwenye heshima zake, anayemwogopa Mungu, na hana haja na mume wa mtu. Wachimbaji wote tunakunywa chai kwake.

Siku ile ya mvua, aliponiona nimefurahi na habari za Esta, nilisema ni bahati. Yeye akakataa. Alisema bahati yaweza kumwangukia hata mtu aliyelala. Sadfa humpata aliye njiani, tena anayetafuta kitu kingine kabisa. Mtu anachimba shimo la choo akakuta maji matamu. Asingechimba, asingeyakuta, na angejua yapo asingechimba choo. Alisema hapo katikati ndipo neno lilipo. Nililipenda, nikakuandikia. Hakuna zaidi.

Mwandiko ni mazoezi tu.

Sasa na mimi niulize. Huyo Stanslaus anayeweka kalamu chini kwa ajili ya mke wangu, ana mke?

Wako,
Ignas


Kishapu, Shinyanga
26 Julai 1953

Baba Esta,

Shikamoo. Hana mke. Umeuliza, nimejibu.

Esta nimemwachisha ziwa, anakula vizuri. Pia nataka ujue kwamba neno lako nimeshalijua matumizi yake. Jumapili iliyopita mayu alikwenda kanisani, mimi nikabaki na mtoto, na kwa sadfa Stanslaus akapita hapa. Kwa sadfa alikuwa na sukari mfukoni, imefungwa kwenye karatasi. Akampakata Esta, Esta akamshika sikio.

Akasema, "Huyu mtoto ananizoea."

Nikamwambia, "Kila mtoto anahitaji mtu wa kumzoea."

Unaonaje, nimelitumia sawasawa? Mwulize mwalimu wako.

Nawe endelea kunywa chai. Ila umfikishie Mwanaima ujumbe wangu: mwanamke asiye na haja na mume wa mtu hana haja ya kulitangaza. Mimi sijawahi kukuandikia kwamba sina haja na karani. Sikuwa na sababu ya kuandika hivyo. Wewe uliipata wapi sababu?

Scolastika


Kishapu
14 Agosti 1953

Scolastika.

Nimefika nyumbani jana. Hupo.

Mayu anasema umekwenda Geita kunitazama. Umeondoka Jumatatu kwa lori la pamba. Aliyekaa mbele na wewe ni Stanslaus. Majirani wameona wote.

Mimi Jumatatu nilikuwa njiani nakuja. Nilivuka na pantoni, nikalala Mwanza. Sikukuona njia nzima.

Esta amenililia. Mayu anasema karani hamlilii.

Barua hii naituma kwa Mwanaima. Kama kweli umekwenda Geita, utaipata. Kama hukwenda, nitajua ulikokwenda.

Mwandiko usiushangae.

Ignas


Kalangalala, Geita
16 Agosti 1953

Ignas,

Sikuiti Baba Esta leo, na ni kwa makusudi.

Nimefika Alhamisi, nimechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wakati huo, naambiwa, wewe ulishaondoka kwenda Kishapu. Tumepishana njiani kama vipofu. Lakini acha nikueleze nilichokikuta, kwa sababu wewe hukunieleza.

Nilimwuliza mtu wa kwanza niliyemkuta, kwa Mwanaima ni wapi, akaninyooshea kidole kwenye kibanda cha bati. Njia nzima nilikuwa nimepanga nitakayosema. Mlangoni kuna ubao umeandikwa kwa chaki. Chai. Maandazi. Wali na samaki. Nikasimama pale pale. Ile S ya samaki, yenye mkia uliojikunja chini, ndiyo S ya Scolastika kwenye bahasha zako. Nikausoma ubao ule mara ya pili, nikajua.

Akatoka mwanamke amejifunga kanga. Nakwambia mwenyewe kabla hujaniambia wewe: ni mzuri. Akasema, "Karibu ndani, dada, jua kali."

Nikamwuliza, "Ubao huu nani ameuandika?"

"Mimi."

"Na barua za Ignas?"

Akanitazama miguu, akanitazama uso. Akasema polepole, "Wewe ni Mama Esta."

Nilimwambia maneno ambayo padri hapaswi kuyasikia. Wanaume waliacha chai zao. Nilimwambia ameingia chumbani kwangu bila kupiga hodi, amekaa kitandani kwangu, amesema na mimi kwa sauti ya mume wangu. Hakunijibu hata moja. Aliponiona sina pumzi tena akaniletea maji, akauliza, "Amekwambia habari ya mkono?"

Nikasema, "Mkono gani?"

Ndipo nikayasikia kwa mwanamke mwingine mambo ya mwili wa mume wangu. Jiwe lililokuangukia shimoni mwezi wa Januari. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilivyokatwa, na viwili vilivyobaki visivyokunjika. Kwamba tajiri hana kazi na wewe tena, na hizo kazi za juu juu ulizoniandikia ni kumchotea Mwanaima maji na kumpasulia kuni kwa mkono wa kushoto, naye anakupa chakula. Kwamba uliapa watu wa Kishapu hawatakuona na mkono huo. Na kwamba ulipofika kwenye Stanslaus na sukari yake kwenye barua yangu, ulivunja kikombe, ukaondoka bila kuaga.

Nikamwuliza, "Na lile la mwanamke mwenye heshima zake, anayemwogopa Mungu, nani alilisema?"

Akasema, "Heshima alisema Ignas. Mungu nilimwongeza mimi."

Karibu nicheke. Nikajizuia.

"Na la mtungi?"

Hapo akaanza kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Ignas, sikuonei wivu kwa sababu ya chai wala kuni. Mtu aliyekulisha ukiwa huna mkono siwezi kumtukana mara mbili. Ninachoonea wivu ni mtungi. Nilikaa juu ya pamba nikafurahia maneno ya mwanamke mwenzangu, nikayaweka moyoni kama yako. Hata mkono wako naumia nao nikiwa nimechelewa, mwenzangu amekwisha kuulilia.

Niambie lipi lilikuwa lako. Usinirembee. Andika kwa mkono ulionao. Esta yuko salama kwa mayu, na mimi nabaki hapa mpaka unijibu.

Stanslaus alinipandisha lori mpaka Shinyanga, akanishusha. Nakuambia mara moja tu.

Scolastika


Kishapu
30 Agosti 1953

Mama Esta,

Barua zetu zimepishana kama sisi wenyewe. Ile yangu usiitunze.

Naandika kwa kushoto. Nimeanza na barua ile. Nisamehe.

Mtungi ni wangu. Nilimwambia Mwanaima, andika nimemkumbuka. Akauliza, unamkumbukaje? Nikasema, nikiona mwanamke ana mtungi kichwani nadhani ni yeye. Moyo kukimbia na shingo ni vyake. Mpenzi wa moyo ni yake. Wazee wa Mhunze na macho ya Esta ni kweli. Sadfa ni neno lake. Kuuliza kama karani ana mke ni kwangu.

Habari ya mkono sikukwambia kwa sababu uliolewa na mtu wa mikono miwili. Hiyo tu. Nilidhani nikikaa huko nitapata njia. Sikuipata.

Mwanaima sikumgusa. Maji, kuni, chakula, barua. Basi.

Sasa habari ya Stanslaus. Aliporudi kutoka Shinyanga nilimfuata kwenye soko la pamba kumpiga. Mkono wa kushoto nilishaukunja. Nikamkuta peke yake, anapima, anaandika, foleni ndefu, watu wanamzomea. Akaniona.

"Wewe ni Ignas," akasema. "Mkeo amenichosha na habari za Mwanaima toka hapa mpaka Shinyanga."

Nikamwuliza, "Sukari unaleta kwangu kwa nini?"

Akasema, "Napenda kuzungumza na mkeo. Hapa sina mtu." Alisema hivyo akinitazama machoni, hakuogopa.

Nikashindwa kumpiga. Mzee mmoja akapiga kelele, mizani imesimama, jua linazama. Nilikuwa karibu nayo. Nikasukuma kile chuma cha mizani, nikataja uzito, Stanslaus akaandika. Gunia jingine likaja. Chuma kile kinasukumwa kwa mkono mmoja. Tumefanya hivyo mpaka foleni ikaisha. Asubuhi yake akatuma mtu kuniita. Sasa ndiyo kazi yangu, na baada ya msimu nitabaki ghalani.

Simpendi bado. Nafanya naye kazi. Sukari nimemwambia asilete tena, nitanunua mwenyewe.

Watu wameuona mkono. Siku mbili walitazama, ya tatu wakaanza kulalamika nimewapunja kwenye mizani, kama wanavyomlalamikia mtu yeyote.

Mama Esta, nilikuja kutafuta mwizi, nimepata kazi na mtoto. Bila wivu nisingekuja. Ningekaa Geita mpaka Esta aolewe. Kama hiyo ndiyo sadfa, basi nimeielewa leo, zile siku nilikuwa naisema tu.

Esta halii tena. Anavishika vidole viwili vilivyobaki, anavivuta. Hajui kwamba vilikuwa vitano.

Rudi.

Ignas


Kalangalala, Geita
25 Septemba 1953

Kwa dada yangu Mama Esta,

Assalam aleikum, na salamu za hapa zote. Natumaini ulifika salama na ukamkuta mtoto na mama mkwe wazima. Hapa mgahawa umekuwa kimya. Wateja wanaulizia yule mama wa Kishapu aliyekuwa anaosha vyombo kwa hasira.

Siku zile ulipokaa kwangu hukunisemesha wiki ya kwanza, ya pili ukanisemesha kidogo, na siku ya kuondoka uliniuliza swali la mtungi tena, nikakwepa. Sasa nakujibu, kwa sababu kwenye karatasi naweza.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa safari. Leo Tabora, kesho Mwanza, na mimi nimesoma shule kule Tanga, najua kusoma barua vizuri sana. Hakuniandikia hata mstari mmoja. Ignas aliponiambia, andika nimemkumbuka, niliona ni maneno haba kwa mwanamke anayesubiri. Nikaandika ambavyo mimi ningependa kuandikiwa. Nikaifunga bahasha, nikabandika stempu, na dada, nilikuonea wivu. Nilijua kuna mtu atakaa mahali aisome, na mtu huyo si mimi.

Mumeo hakuniangalia kwa jicho hilo. Mimi nilimwangalia. Sikufanya neno, lakini nilimwangalia, na ungeniuliza hivyo ana kwa ana ningekana. Ndiyo maana ulipofika mlangoni sikukujibu matusi yako. Nusu yake yalikuwa haki yangu.

Nina ombi. Nimezoea kuandika, na hapa sina wa kumwandikia. Naomba ruhusa niwaandikie mara moja moja, wewe na Ignas, nipate habari za Esta.

Nduguyo,
Mwanaima


Kishapu, Shinyanga
18 Oktoba 1953

Mwanaima,

Salamu. Nilifika salama. Esta alinitazama kama mgeni, akakimbilia kwa baba yake kujificha. Nikalazimika kukaa chini na kungoja mpaka aje mwenyewe. Hilo nalo liliniuma, ujue. Sasa tumerudiana.

Nimekutumia michembe, viazi vitamu vyetu vya kukausha, kwa dereva wa lori. Loweka kwanza, ndipo upike na karanga. Ukiwapa wachimbaji wa Kisukuma watakupenda mpaka watakusumbua.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi bila kujua nitajibu nini. Nikitaka kukukasirikia nakumbuka ulimlisha mume wangu alipokuwa hawezi kushika kijiko. Nikitaka kukushukuru nakumbuka ulivyosema ulimwangalia. Yote mawili yamo ndani yangu na hakuna linalotaka kumpisha mwenzake. Padri ameniambia nikusamehe. Nimemjibu kwamba hilo ni rahisi, sasa anifundishe la pili, niache kukuwaza.

Nataka uelewe jambo moja. Nilikuja Geita kukuvunja uso. Ningejua kwamba kwako ndiko nitakakoambiwa ukweli wa mume wangu, nisingekuja, ningeogopa. Nikaja kwa ubaya, nikarudi na mume. Kwa hiyo neno lako nimelikubali. Hapa nyumbani limekuwa la kila siku. Ignas akikuta yai kwenye majani anasema sadfa. Mayu naye anasema sadifa, akiuza kuku kwa bei nzuri, tunamwambia hiyo si sadifa, mayu, hiyo ni kubishana na mnunuzi. Hasikii. Wanalisema kama neno lililozaliwa hapa. Mimi peke yangu, kila ninapolisikia, najua limetoka kwa nani.

Ignas anajifunza kuandika kwa kushoto. Juzi ameniandikia mistari miwili, akaniachia juu ya kinu, naye yupo pale pale anajifanya anafunga kamba. Herufi zimelala zote. Sikwambii aliandika nini.

Umeomba ruhusa. Nimekupa ya kuniandikia mimi. Andika unavyotaka, hata karatasi ijae, nitajibu kila barua, na habari za Esta utazipata zote. Ila Ignas usimwandikie. Salamu zake ziweke mwishoni kabisa, mstari mmoja, usiupambe. Mimi nitamsomea.

Scolastika, Mama Esta